Mkumbo Huanza na Watatu wa Kwanza

Ndugu zangu, nawasalimu. Wengi humu ni maadmini: grupu la wazazi, la kikundi cha kuweka na kukopa, la watu wa fani moja. Swali mlilonipa ni kwa nini watu 200, kila mmoja na kichwa chake, wakikutana kwenye simu huishia na wazo moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Solomon Asch, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwaonyesha wanafunzi kadi mbili. Moja ina mstari mmoja, nyingine ina mitatu. Taja ulio sawa na ule wa kwanza. Swali la chekechea. Ila chumbani mlengwa, yaani anayepimwa kweli, ni mmoja tu. Waliobaki wamepangwa, wanatoa jibu moja la uongo kwa sauti, na zamu ya mlengwa inakuja karibu na mwisho. Walengwa walifuata uongo mara 37 hivi katika kila 100.

Watu hupenda kuishia hapo. Mimi naona utamu uko kwenye alichokibadilisha baadaye. Mtu mmoja akimpinga, mlengwa hatikisiki. Wakiwa wawili, makosa yanafika asilimia 13.6. Watatu, asilimia 31.8. Ukiendelea kuongeza watu, hali haibadiliki sana. Kwa hiyo mkumbo hauhitaji umati. Angalia grupu lako: mwenyekiti katuma wazo, mmoja kajibu "safi sana", wa pili kaweka dole gumba, wa tatu "naunga mkono hoja". Biashara imekwisha, na wale 196 bado hawajafungua simu.

Habari njema ni kwamba Asch alipomweka mtu mmoja tu mwenye kusema kweli kabla ya mlengwa, makosa yalishuka hadi karibu robo ya yale ya mwanzo. Mlengwa akiandika jibu lake kwa siri badala ya kulitamka, yanashuka pia.

Na dole gumba si dogo. Mwaka 2013 Lev Muchnik na wenzake walichapisha jaribio la maoni zaidi ya 100,000 kwenye tovuti ya habari. Maoni yaliyopewa kura moja ya bandia ya kusifu, mara tu yalipowekwa, yaliishia na alama za juu kwa asilimia 25. Yaliyopewa kura bandia ya kuponda, wasomaji waliyarekebisha. Lawama tunaihoji, sifa tunaipokea.

Sasa kazi yenyewe. Admini, tuma swali bila maoni yako. Hata "mimi naona" iondoe. Funga grupu ili maadmini tu ndio waandike. Wape saa 24 wamtumie katibu majibu inboksi. Katibu ayabandike yote kwa mkupuo, bila majina, yakiwa yamechanganywa, kisha mfungue mjadala.

Panapoharibika zaidi ni kwa katibu. Badala ya kubandika, anafupisha: "wengi wamekubali, wachache wana wasiwasi." Huo wasiwasi ndio mali! Wanasaikolojia Garold Stasser na William Titus walionyesha mwaka 1985 kwamba kundi hujadili sana kile ambacho kila mtu anakijua tayari, na taarifa aliyonayo mmoja peke yake hupotea njiani. Fundi mmoja anajua kwamba kiwanja mnachotaka kununua hujaa maji masika. Ukimfupisha, mtajenga bwawani. Basi jibu libandikwe neno kwa neno, isipokuwa ukiondoa kitu kinachomtambulisha aliyeandika.

Kura za kubofya nazo zina mtego. Zile za WhatsApp kwa kawaida huonyesha nani kapigia wapi, tena matokeo yanasomeka wengine wakiwa hawajapiga. Hapo umerudi kwenye chumba cha Asch. Kama grupu lina wakopeshaji na wanaodaiwa, msizitumie kabisa.

Kuna wanaomteua mtu awe mpinzani wa kazi maalumu. Mwanasaikolojia Charlan Nemeth amelipima hilo, na mpinzani wa kuteuliwa hazindui fikra kama yule anayeamini anachokisema. Watu wanajua anaigiza. Mtafuteni mwenye shaka ya kweli, mara nyingi ni yule aliyenyamaza tangu wiki iliyopita, mumuombe aandike mapema kabla ya mwenyekiti.

Nimeona mikono. Kabla sijamchagua wa kwanza, kila mmoja aandike swali lake kwenye karatasi, tutazikusanya.