Heteromera: Pingili Tano, Tano, Nne

KASSIM: Leo neno ni moja tu, heteromera. Dada Mwanaidi, tufungulie.

MWANAIDI: Asili yake Kigiriki. Heteros ni tofauti, meros ni sehemu. Sehemu zenyewe ni pingili za wayo wa mbawakawa. Mguu wa mbele pingili 5, wa kati 5, wa nyuma 4. Huandikwa 5-5-4.

KASSIM: Kumbe tofauti ni ya mguu na mguu wa mdudu yuleyule.

MWANAIDI: Ndiyo, na hapo wengi huteleza. Mfaransa Geoffroy aliwapanga mbawakawa kwa idadi ya pingili katika kitabu chake cha 1762. Waliomfuata wakayapa makundi majina: pentamera wa tano, tetramera wa nne, heteromera wa mchanganyiko.

KASSIM: Tetramera ndiyo iliyoumbuka.

MWANAIDI: Vibaya sana! Chukua fukusi wa mahindi. Ukimtazama kwa juu, unaona pingili 4. Sasa mlaze chali, mulika taa kutoka ubavuni. Pingili ya tatu imepasuka kama kwato ya mbuzi, na katikati ya mpasuko, pale shinani mwa pingili yenye kucha, kuna kipingili kimejibanza. Jumla 5. Ndipo likatungwa neno kriptopentamera: kruptos ni iliyofichwa, pente ni tano.

KASSIM: Na heteromera tunamwona wapi?

MWANAIDI: Kwenye unga wako, kaka. Yule mwekundu, Tribolium castaneum, wa milimita 3 hadi 4. Muue kwa alkoholi ya asilimia 70, umweke chini ya hadubini inayokuza mara 40. Anza kuhesabu chini ya muundi. Kucha hazihesabiwi, ila pingili inayozibeba inahesabiwa, nayo ndiyo ya mwisho.

KASSIM: Miguu yote sita?

MWANAIDI: Yote. Mdudu mkavu hukatika nyayo, na wayo uliokatika unaweza kukupa 4 ya uongo. Akiwa mkavu, mloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, alainike.

KASSIM: Basi nikipata 5-5-4 guniani, nimemnasa mdudu wa unga.

MWANAIDI: Usiharakishe. Guniani humohumo yumo mbawakawa mwingine, Cryptolestes, bapa, wa kama milimita 2. Dume lake lina 5-5-4, jike 5-5-5. Ukiokota dume peke yake, umeingia mtegoni.

KASSIM: Natokaje?

MWANAIDI: Tazama vipapasio. Vya Cryptolestes ni virefu, vyembamba kama uzi. Vya Tribolium castaneum ni vifupi, na pingili 3 za ncha zimevimba ghafla kama rungu.

KASSIM: Na kundi lenyewe bado lipo?

MWANAIDI: Wengi wa heteromera wa zamani sasa wamo katika Tenebrionoidea, kundi kubwa lenye koo nyingi za mbawakawa. Neno limebaki kuwa sifa ya miguu. Ukilikuta kwenye mwongozo wa utambuzi, unaambiwa 5-5-4 tu. Ukoo utautafuta mwenyewe.