Chupa ya Sosi na Tenga la Nyanya

Shikamooni wazee wangu. Wengine wote, habari za jioni.

Kabla sijaanza, tazameni hii meza. Kuna chupa tatu, nimezivisha vipande vya kanga ili sura zao zisionekane. Moja imesafiri kutoka Ulaya. Moja imetoka kiwanda cha hapa nchini. Ya tatu ameipika jirani yangu, mama mmoja hapa hapa Morogoro, kwenye sufuria ambayo siku nyingine hupikia ubwabwa. Mlipokuwa mnaingia vijana wamewaonjesha, kila mtu na kipande chake cha muhogo wa kukaanga, na mmetoa kura zenu. Matokeo ninayo hapa mfukoni. Sitayasema sasa, kwa sababu nawajua: mkishayajua mtaanza kubishana, hakuna atakayenisikiliza.

Nimefundisha sayansikimu miaka mingi, na katika nyumba nyingi nilizoingia nimekuta kitu nilichokipa jina la sosi ya wageni. Ni ile chupa ya nje inayokaa kabatini, nyuma ya vikombe vya sherehe. Watoto hawaruhusiwi kuigusa. Akija mgeni wa heshima, au mkwe, inashuka mezani. Akiondoka, inarudi kabatini, na nyumba inaendelea na sosi ya kwetu. Sasa nauliza: kama ya kwetu inatufaa siku mia tatu na kitu kwa mwaka, kwa nini tunaionea haya mbele ya mkwe?

Wapo watakaosema tule vya kwetu kwa sababu ni vya asili. Hapo mimi simo. Nyanya si ya asili ya huku. Pilipili pia, yote, kichaa na mbuzi na hoho, imetoka Amerika, ikavuka bahari pamoja na Wareno na waliowafuata. Hata neno ketchup, wengi waliolichunguza wanalirudisha kwa Wachina wa kusini, ambako lilikuwa jina la mchuzi wa samaki waliochachushwa, hauna hata nyanya moja ndani. Upande mwingine kuna ukwaju. Waarabu waliuita tende ya Hindi, Wazungu wakachukua jina hilo hilo, na mti wenyewe ni wa Afrika. Basi ukianza kupanga vyakula kwa kabila utachoka mapema. Achari yetu ya embe ina jina la Kiajemi, ina haradali na uwatu, na ni yetu kabisa. (Ukiwa Mombasa ukiomba achari utaletewa vipande vya embe vyekundu vya kumung'unya, usishangae.)

Ninachotaka kukisema jioni hii hakihusu asili. Kinahusu nyanya iliyomo ndani ya chupa imetoka shamba la nani.

Twendeni kwanza Marekani kidogo. Mwaka 1869 kijana mmoja wa Sharpsburg, karibu na Pittsburgh, anaitwa Henry Heinz, alianza kuuza mzizi mkali wa kusaga, kiungo cha kulia nyama. Wenzake waliuweka kwenye chupa za rangi, kijani au kahawia, maana ndani walichanganya mboga za bei rahisi. Yeye akaweka kwenye chupa nyeupe ya kuona ndani. Mwaka 1875 biashara ikafilisika. Mwaka 1876 akaanza upya, na ndipo sosi yake ya nyanya ilipoingia sokoni. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Wamarekani wanapigania sheria ya chakula safi, iliyopitishwa mwaka 1906, viwanda vingi vilidai sosi haiwezi kukaa bila benzoeti, dawa ya kuzuia chakula kisiharibike. Heinz akaonyesha kwamba inawezekana: nyanya zilizoiva sawasawa, siki zaidi, sukari zaidi.

Nimewaletea hadithi hiyo makusudi. Chupa ile mnayoificha kabatini ilianza kama bidhaa ya jirani. Mtu alipika, watu wa mji wake wakanunua, na walinunua kwa sababu aliwaonyesha kilichomo ndani. Hakuna aliyewaambia wanunue kwa kuipenda Pittsburgh.

Na ile chupa ndogo ya pilipili ya Tabasco, ya Louisiana, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1868? Ina vitu vitatu: pilipili, siki, chumvi. Pilipili yenyewe siku hizi nyingi hulimwa Amerika ya Kusini na ya Kati, na nyingine hapa Afrika. Wanachokifanya wao ni kuisaga na kuilaza kwenye mapipa ya mbao hadi miaka 3. Kwa hiyo mtu anaweza kulipia pilipili ya Afrika iliyokwenda kulala ng'ambo. Mama anayekausha pilipili kichaa kwenye ungo hana upungufu wa pilipili. Amekosa pipa, na amekosa miaka mitatu ya kukaa bila kuuza.

Sasa turudi nyumbani. Ukisafiri kutoka hapa kwenda Iringa, ukishapanda Kitonga, unafika Ilula. Wote mnapajua kwa nyanya zilizopangwa barabarani. Msimu ukichanganya, wakulima wote wanavuna wiki moja, bei ya tenga inaanguka mpaka haitoshi kulipa kibarua wa kuchuma. Nimeona shamba la nyanya zilizoiva likiachiwa ng'ombe. Miezi michache baadaye mvua zinaharibu, au kantangaze anaingia, yule mdudu aliyetufikia mwaka 2014 hivi na kutoboa majani na matunda, na tenga lile lile linakuwa la matajiri.

Kazi ya sosi ni hapo. Sosi ni ghala la nyanya. Nyanya ya wiki ya bei mbaya inaingia sufuriani, inakaa mwaka mzima.

Mbona basi nyanya zinaoza Ilula na sosi haikosekani dukani? Hapa naomba subira kidogo, kuna hesabu. Katika nyanya mbichi, karibu asilimia 95 ni maji. Kiwanda kinapotengeneza nyanya nzito, ile ya kopo, kinachemsha mpaka yasiyo maji yafike asilimia 28 au 30. Maana yake kilo moja ya nyanya nzito inahitaji kama kilo 6 za mbichi. Mnaopika mnajua kuchemsha maji yote hayo kunakula kuni kiasi gani. Duniani wapo wanaofanya kazi hiyo kwa wingi mno, China na Italia kwa mfano, na wanaisafirisha nyanya nzito kwenye mapipa ya kilo 200 na zaidi. Pipa moja ni zaidi ya tani moja ya nyanya za mkulima wa huko. Mwenye kiwanda popote Afrika anaweza kununua pipa, akaongeza maji, sukari, siki, wanga na chumvi, akaijaza kwenye chupa yenye picha ya shamba letu na bendera yetu. Hajavunja sheria. Imetengenezwa hapa, ni kweli. Lakini mkulima wa Ilula hakuuza hata tunda moja.

Huo ndio uzalendo wa lebo, na unanikera kuliko ile chupa ya Ulaya, maana ile ya Ulaya angalau haijidai.

Mtaniuliza tutajuaje. Geuza chupa. Viambato hupangwa kwa wingi wake, cha kwanza ndicho kingi. Ukiona cha kwanza ni maji, halafu sukari, nyanya inakuja ya tatu, umenunua uji mtamu mwekundu. Ukiona imeandikwa nyanya nzito bila kusema ya wapi, piga simu, namba ipo kwenye chupa. Mimi hupiga. Mara nyingine hunijibu vizuri, mara nyingine nakatiwa. Bakodi isiwadanganye: 620 ni namba zilizosajiliwa Tanzania na 616 ni Kenya, lakini inaeleza mahali namba ilipoandikishwa, haielezi nyanya ilipoota. Nembo ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, itafuteni, hiyo ni muhimu, ila nayo kazi yake ni viwango vya ubora na usalama. Haikuambii habari za shamba.

Viwanda vilivyo karibu na mashamba tunavyo. Dabaga ya Iringa wengi tumeikuta mezani tangu utotoni. Na wapo wadogo, kina mama wanaopitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kupata barua ya utambulisho ya kwenda TBS. Hao adui yao mkubwa ni vifungashio. Chupa nzuri na kifuniko kinachobana huuzwa kwa maelfu, na yeye anahitaji mia mbili. Anaishia kununua kwa mtu wa kati, na ndiyo maana chupa yake ndogo inaishinda bei ile kubwa ya dukani. Wakati mwingine nyanya ndani ya chupa ni rahisi kuliko chupa.

Kwa wapikaji mlio hapa nina neno moja, na si la kubembeleza. Msituuzie huruma. Nimeshanunua sosi ya mjasiriamali iliyofura kifuniko baada ya wiki mbili. Pimeni pH ya sosi, yaani ukali wa asidi yake; vile vikaratasi vya kupimia si ghali. Namba ikiwa ndogo ndivyo asidi inavyokuwa kali: sosi isizidi 4.6, na ikiwa chini ya 4 ni salama zaidi. Jazeni ingali ya moto, kwenye chupa iliyochemshwa. Andikeni tarehe ya kweli. Na andikeni nyanya imetoka wapi, Ilula, Mgeta, Lushoto, kwa herufi za kuonekana. Hicho ndicho mwenye pipa la kuagiza hawezi kukiandika.

Wauza chips nanyi mmekuja, nawaona. Ile chupa ya tomato mezani, mnaijua wenyewe ina maji kiasi gani. Leo nawaacha.

Haya, karatasi. Kanga ya bluu imeongoza, kura 41. Ni ya kiwanda cha hapa nchini. Kanga nyekundu, ya Ulaya, kura 28. Kanga ya njano, ya jirani yangu, kura 9.

Mnacheka, na yeye yuko pale safu ya tatu. Nilimwambia jana chumvi imezidi, akasema wateja wake wanapenda hivyo. Mama, umewasikia wateja. Chupa bado ina nusu, anayetaka kuonja tena apite mbele, na amwambie mwenyewe kilichopungua. Kalamu na daftari anavyo.