Kula kwa sauti: kazi ya mwigizaji wa anime ya Kiingereza

Habari za jioni, na asanteni kwa kuja. Leo sizungumzii sauti nzuri, hizo ziko tele. Nazungumzia namna mtu anavyoishi kwa hiyo sauti, akiwasemea kwa Kiingereza wahusika wa anime, yaani katuni za Kijapani.

Mchukueni mwigizaji Christopher Sabat. Mwaka 1999 kampuni ya Funimation ya Texas iliacha kutumia waigizaji wa Vancouver, Kanada, kwenye katuni ya Dragon Ball Z, ikaanza kuingiza sauti za Kiingereza yenyewe ili kubana matumizi. Sabat, kijana wa miaka ishirini na kitu, akabebeshwa wahusika watatu, Vegeta, Piccolo na Yamcha, na usimamizi wa sauti juu yake. Mashabiki walikwishamzoea Vegeta wa Brian Drummond, mmoja wa wale wa Vancouver, kwa hiyo mwanzoni alilazimika kumfuatisha mwenzake. Vipindi vile ukivisikiliza leo, koo linakwaruza. Vegeta wake mwenyewe, yule mwana wa mfalme mwenye majivuno, alikuja baadaye.

Haya, tuingie studio. Japani, kwa desturi, waigizaji hurekodi pamoja, wakijibizana. Texas unaingia peke yako. Masikioni unasikia milio mitatu: pi, pi, pi. Wa nne haulii. Hapo ndipo unapoanza. Mdomo wa mhusika ulishachorwa zamani, na maneno yako lazima yaenee humo humo, ndiyo maana kuna mwandishi ambaye kazi yake ni kurefusha na kufupisha sentensi. Mayowe huwekwa mwisho wa zamu. Ukiyapiga saa ya kwanza, saa ya pili huna koo.

Sabat hakubaki kwenye maikrofoni tu. Alifungua studio yake, OkraTron 5000, huku akiendelea kuigiza: Zoro wa One Piece, All Might wa My Hero Academia. Wengine hujazia kipato kwenye makongamano ya mashabiki, wakiuza saini mezani.

Kwa nini wajazie? Kwa sababu malipo ni ya saa. Katuni ikirudiwa miaka na miaka, kwa kawaida hupati kitu. Mwaka 2022 Kyle McCarley, sauti ya Mob katika Mob Psycho 100, alikuwa tayari kufanya msimu wa tatu bila mkataba wa chama cha waigizaji, mradi Crunchyroll, kampuni iliyotengeneza toleo la Kiingereza, ikubali kukaa na chama hicho, SAG-AFTRA, kuzungumzia kazi za baadaye. Haikukubali. Nafasi yake akapewa mwingine. Wapo wanaomwona mkaidi. Mimi niko upande wake. Alichoomba kilikuwa kikao tu.