Ile Namba ya Kilomita Inayotoka Kwenye Simu

Haya jamani tuanze, mliosimama kule nyuma viti vipo huku mbele.

Mada ni umbali wa ndege kati ya miji miwili iliyo mbali, na najua wengi wenu washawahi kuandika majina ya miji kwenye simu, ikatoka namba, wakaamini ndo hiyo hiyo. Ile namba siyo ya uongo, ila ni ya njia fupi kuliko zote juu ya dunia ya mviringo, hakuna upepo, hakuna mpaka wa nchi, hakuna kuzungushwa angani mkisubiri kutua.

Chukueni London na Tokyo, kama kilomita 9,600 hivi. Ukiweka rula kwenye ramani ya ukutani mstari unakata katikati ya Asia, unaona hapo pamenyooka kabisa. Kumbe njia fupi inapanda kwanza kaskazini, Skandinavia, Siberia, halafu ndo inashuka Japani. Ramani ya karatasi inatanua mno sehemu za juu, ndo maana inatudanganya. Tafuta tufe, bana uzi hapa London, uvute mpaka Tokyo ukaze, utaona wenyewe unapanda juu.

Sasa siasa nazo. 2022 Urusi ikafungia mashirika ya Ulaya anga lake, na Finnair, shirika la ndege la Ufini lenye makao Helsinki, ilikuwa imejenga biashara yake juu ya hiyo njia ya mkato ya kwenda Asia kupitia Urusi. Safari ya Tokyo iliyokuwa masaa 9 na kitu ikafika kama 13, ndege zikaanza kupita juu ya Ncha ya Kaskazini, abiria wakawa wanapewa vyeti kabisa vya kupita huko (sijui ukikipata unakitundika wapi). Na miji yenyewe haijasogea hata hatua moja!

Upepo ndo usiseme. Huko juu kuna mkondo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo New York kwenda London unasukumwa, kurudi unapambana nao, kilomita zile zile ila kurudi unaongeza kama saa zima. Februari 2020, kipindi cha dhoruba Ciara, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London ndani ya masaa 4 na dakika 56, spidi yake ukiipima kwa ardhi ya chini ilipita kilomita 1,300 kwa saa, ila haikuipita kasi ya sauti maana hewa yenyewe ilikuwa inakimbia nayo.

Kwa hiyo New York kwenda Singapore, kilomita 15,300 na ushee, hata upande wa kupita siyo mmoja. Siku nyingine wanapita Atlantiki, siku nyingine Pasifiki, inategemea upepo wa siku hiyo. Kilomita zinaongezeka, mafuta na muda vinapungua, na shirika linalipia mafuta.

Haya, maswali. Dada wa pale dirishani, karibu.