Kipanga Si Mwewe: mazungumzo ya asubuhi chini ya miti ya Capri Point, Mwanza

Wazee wangu, dada zangu, vijana, asanteni kwa kuwahi kabla jua halijawa kali.

Kabla ya darubini, hebu tunyamaze kidogo. Mnawasikia wale shorewanda mwembeni? Hawaimbi, wanalalamika, kelele kavu za haraka haraka. Ndege wadogo wakilia hivyo ujue wamemwona adui, na mara nyingi adui mwenyewe ni huyu tuliyemfuata leo, kipanga. Nimempata kwa masikio mara nyingi kuliko kwa macho.

Kwanza tumtenge na mwewe. Mwewe mnamjua, nendeni Mwaloni pale Kirumba mkaone anavyozunguka juu ya soko la samaki, mkubwa, kahawia, mkia una panda. Kipanga hapendi peupe. Hujificha ndani ya majani, kimya, halafu huchomoka ghafla. Mabawa yake mafupi ya duara yameumbwa kupenya kati ya matawi, na ule mkia mrefu ndio usukani. Akikatiza uwazi utamwona anapiga mabawa upesi mara kadhaa, anateleza, anapiga tena.

Sasa ugumu wenyewe. Vipanga wadogo wako wa aina kadhaa, na karibu kila anayeanza hukimbilia ukubwa. Ukubwa huo utampotosha. Kwa ndege hawa jike humzidi dume, hivyo jike wa aina ndogo anaweza kukaribiana na dume wa aina kubwa. Tazameni pale mgongo unapokutana na mkia. Shikra, ambaye ndiye mzoefu wa miti ya mijini, hapo ni kijivu kitupu. Kifuani ana milia myembamba ya rangi ya kutu, na jicho la dume mzima ni jekundu kama kaa la moto. Kipanga mdogo kabisa, ambaye dume wake ana gramu 75 hivi, hapo ana utepe mweupe, tena na madoa mawili meupe juu ya mkia, na jicho lake ni la njano. Gabar naye ana weupe huo, lakini miguu yake ni myekundu. Huyu Gabar mimi ananivutia kupita wote: hubeba utando wa buibui pamoja na buibui wenyewe, akauweka kwenye kiota, nao wakaendelea kutanda mpaka kiota kikafunikwa.

Makinda yana rangi ya kahawia na michirizi kifuani. Msione haya kusema "kipanga, basi" na kuishia hapo.

Shikra hula nini? Wadudu, ndege wadogo, na zaidi ya vyote mijusi. Na Mwanza hatuna uhaba wa mijusi! Yule wa kwenye mawe, dume mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu, hata jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limetokana na mji huu. Palipo na mawe, miti na mijusi, shikra ana kila kitu.

Jirani yangu mmoja alipotelewa na vifaranga, na kijana wake akamtungua shikra kwa manati. Nilipofika nilimkuta ndege chini, makucha bado yamekamata mjusi. Niliumia sana. Siwafichi, kifaranga aliyeanguliwa juzi anaweza kumchukua. Lakini ndege asiyefika hata gramu 200 atambebaje kuku? Wale vifaranga waliokwenda mchana kweupe katikati ya uwanja, mimi ningemuuliza mwewe kwanza. Au wafungieni tengani mpaka waote manyoya. Mwewe na kipanga wote watapita.

Sikilizeni, shorewanda wamenyamaza. Amehama. Wengine wameanza kulia kule kwenye mkuyu, upande wa ziwani. Twendeni polepole, tusinyoosheane vidole, na kila mtu aanze na pale mkia unapoanzia.