Konsetina Yako Ina Umri Gani?

Ndugu zangu, karibuni. Hii niliyoishika wengi mtaiita kodiani, maana hiyo ndiyo tuliyoizoea kwenye taarab. Itazameni vizuri. Vibao viwili vya pembeni vyenye pembe sita, vitufe juu yake, na kidole kinabonyeza kuelekea kulekule mvukuto unakokwenda. Hii ni konsetina. Charles Wheatstone wa London, huyuhuyu wa daraja la Wheatstone mnalosoma kwenye fizikia, alipata hataza mwaka 1829 ya chombo cha kupuliza chenye vitufe, ambacho ndicho mzazi wa konsetina. Hataza ya konsetina yenyewe aliipata mwaka 1844.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: ya mwaka gani? Muuzaji husoma kibandiko cha nje, akakutajia. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua moja niliyoapiwa kwamba ni ya miaka ya 1840. Nilipofika nyumbani nikachukua bisibisi, nikatoa skrubu sita za upande mmoja, moja moja, nikizipanga kwa mpangilio wake kwenye kitambaa, maana skrubu ya zamani haipendi tundu la mwenzake. Nikainua kibao. Kwenye ubao wa ndimi, vile vipande vyembamba vya chuma vinavyotoa sauti, palikuwa na namba iliyogongwa, na kwenye fremu ya mvukuto namba ileile. Kibandiko cha nje kilikuwa na namba nyingine kabisa, ndogo zaidi. Vibao vilikuwa vya konsetina moja, tumbo la nyingine. Niliumia, na si kwa ajili ya fedha tu: konsetina mbili zilivunjwa ili iuzwe moja.

Kwa hiyo namba inayoaminika ni ile inayojirudia ndani. Ukishaipata, kwa konsetina za Wheatstone una bahati kubwa, kwa sababu madaftari ya kampuni yapo katika makumbusho ya Horniman, London, na kurasa zake zimewekwa kwenye intaneti, kila mtu anaweza kuzisoma. Katika yale ya mauzo utakuta tarehe, namba na jina la mnunuzi kwa mwandiko wa karani. Utamkuta Giulio Regondi, mpigaji aliyesifika kuliko wote wakati huo, na utawakuta wanawake wengi sana. Lakini uwe makini: konsetina ilirudishwa dukani, ikauzwa tena, na namba moja ikaandikwa mara mbili au tatu. Tafuta ile ya kwanza.

Kisha kuna pengo katika madaftari, kati ya 1891 na 1910. Hapo ndipo anwani inaposaidia. Kampuni ilikuwa 20 Conduit Street hadi kama mwaka 1905, ikahamia West Street. Kibandiko cha West Street hakiwezi kuwa cha 1895.

Kwa Lachenal hali ni ngumu zaidi. Louis Lachenal, Mswisi aliyewahi kuwatengenezea Wheatstone, alianza kazi yake mwenyewe mwaka 1858. Madaftari hatuna, tunakadiria kwa namba, na namba zenyewe ni mikondo miwili: konsetina za Kiingereza zina hesabu yake, na za Anglo, zile zinazotoa noti moja ukivuta na nyingine ukisukuma, zina yake. Ukichanganya mikondo hiyo, umekosea kwa miaka mingi. Jeffries, watengenezaji wengine wa London, ndiyo kabisa, hawakuweka namba za mfululizo. Unaangalia muhuri, kama ni wa baba au wa wanawe waliofuata baada yake kufariki mwaka 1906.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, hasa mliokwisha kununua. Konsetina za mwanzo zilikuwa na vitufe 14 kwa kila oktava, kwa kuwa G-shapu na A-flati zilikuwa sauti mbili tofauti, na D-shapu na E-flati vilevile. Fundi wa leo huzisawazisha ziendane na piano, ambako kila jozi hiyo ni sauti moja tu. Anachukua tupa, anaukwangua ulimi wa chuma, na unga ukishadondoka haurudi. Hakuna daftari lolote lililoandika sauti ile. Ilikuwa kwenye ulimi peke yake. Kabla hujampa fundi, rekodi kila kitufe, kwa kuvuta na kwa kusukuma, hata kwa simu yako.

Pale mezani nimeshafungua moja. Njooni watano watano, na tafadhali msiguse ndimi kwa vidole, jasho huleta kutu.