Faili ya Bluu

Leo tunazungumza siri ya mgonjwa, wanafunzi wangu. Naona wengine mmeanza kutabasamu, mnajua naanza na lile dirisha la rekodi. Ndiyo, naanza nalo.

Nilipokuwa muuguzi mchanga katika hospitali moja ambayo sitaitaja, karani wa rekodi alikuwa na sauti ya kuuzia samaki ufuoni Dunga, Kisumu. Faili za kawaida zilikuwa za kaki, za kliniki ya ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, za bluu. Basi yeye huinua ile ya bluu juu ya benchi zima: “Mama fulani wa Manyatta!” Siku moja mama akaitwa hivyo. Akaitazama faili, akamtazama jirani yake wa ploti aliyekaa nyuma, akajifunga leso, akatoka kama mtu aliyekuja kusindikiza mgonjwa. Hakurudi. Baadaye tukasikia anapanda matatu hadi Busia kuchukua dawa, siku nzima ya biashara imekwenda. Na huyo alikuwa na nauli.

Hao wanaobaki nasi, mmewatazama wakitoka getini? Wengine humimina vidonge kwenye gazeti, chupa wanatuachia kwenye pipa. Chupa hulia kama kayamba ndani ya mkoba, na abiria wote wanaujua mlio huo.

Mtaniambia, “Mwalimu, foleni ni watu mia, chumba kimoja, pazia limechanika.” Najua, nimelishona hilo pazia! Lakini faili za rangi moja ni bei gani? Kuinuka kitini ukamwendee mtu, umwambie polepole “njoo, mama,” kunahitaji bajeti ya kaunti?

Mwingine atasema mume ana haki ya kujua majibu ya mkewe. Mume ana mdomo, amuulize mkewe. Wewe msaidie mama apate namna ya kusema mwenyewe. Mwaka 2015 Rais wa Kenya aliagiza ikusanywe orodha ya watoto wa shule wanaoishi na virusi hivyo vya UKIMWI. Desemba 2016 Mahakama Kuu ikasema hilo linavunja Katiba. Agizo la Rais, jamani! Sembuse wewe mwenye koti jeupe la wiki mbili.

Sheria ya Afya ya 2017, ile ya Ulinzi wa Data ya 2019, mtazisoma, zimo kwenye mtihani. Mambo ya simu nilikuwa nayo mengi, ila mwenyekiti anatazama saa. Kijana wa nyuma, ile eksirei uliyotuma kwenye kundi la WhatsApp la darasa ina jina la mgonjwa pembeni. Ifute, halafu uniulize swali lako.